Kupima kemia ya maji ya bahari: kinachotoroka kwanza hupimwa kwanza

Chota maji ya bahari kwenye chupa, uifunge ovyo, uiache mahali penye jua mpaka jioni. Chumvi utaikuta karibu ileile ya asubuhi. Oksijeni itakuwa imebadilika, pH (kipimo cha asidi) nayo imebadilika, na joto halifanani tena na la bahari ulikoyachota. Hiyo ndiyo sababu wapimaji wa bahari hawachagui wenyewe waanze na kipimo kipi. Hufuata kasi ya vitu kutoroka: joto na gesi kwanza, pH ifuatayo, alkaliniti (uwezo wa maji kumeza asidi) baadaye, na chumvi mwisho kabisa. Mwongozo huu unakwenda kwa mpangilio huohuo, na mwishoni unaeleza jinsi ya kutengeneza maji ya bahari ya kuhakikia vifaa vyako.

## Kilichomo ndani ya maji

Maji ya bahari kuu huwa na gramu 35 hivi za chumvi katika kila kilo moja. Katika kilo hiyo, kloridi ni gramu 19.35, sodiamu 10.78, salfeti 2.71, magnesiamu 1.28, kalsiamu 0.41 na potasiamu 0.40. Vinavyobaki, yaani bikaboneti, bromidi, boroni, strontiamu na floridi, vyote kwa pamoja havifiki hata gramu 0.3.

Jambo kubwa si kiasi bali uwiano. Mvua ikinyesha baharini, au jua likikausha maji ya ghuba, jumla ya chumvi hupungua au kuongezeka, lakini mgawanyo wa ioni hizo kubwa, yaani chembe zenye chaji ya umeme zilizo nyingi zaidi, haubadiliki. Alexander Marcet aliliona hilo mwaka 1819. William Dittmar akalithibitisha mwaka 1884 kwa kuchambua sampuli 77 zilizoletwa na meli ya utafiti Challenger, iliyokuwa safarini kati ya 1872 na 1876. Sababu yake ni kwamba sodiamu na kloridi hukaa baharini kwa makumi ya mamilioni ya miaka kabla ya kuondoka, ilhali bahari zote huchanganyika ndani ya miaka elfu moja hivi. Kitu kinachokorogwa kwa muda mrefu kiasi hicho lazima kifanane kila pembe.

Faida yake kwako ni kubwa: ukijua jumla ya chumvi, unazijua ioni kubwa zote bila kuzipima. Maji yenye chumvi 28 yanatarajiwa kuwa na kalsiamu 412 × 28 ÷ 35, yaani karibu miligramu 330 kwa kilo. Ukipima ukapata 400, ama kipimo kimekosewa, ama kuna mto wenye chokaa unaomwaga maji hapo karibu. Ila usizitie gesi, virutubisho wala ioni za haidrojeni kwenye hesabu hii. Hivyo hubadilika saa kwa saa kwa sababu viumbe huvila na kuvitoa.

## Kuchota sampuli

Makosa mengi ya maabara huwa yameshafanyika kabla maji hayajafika maabara. Chota kina cha sentimita 20 hadi 30 chini ya uso, kwa sababu ngozi ya juu ya maji hukusanya mafuta, vumbi na takataka. Elekeza mdomo wa chupa kwenye mkondo, mkono wako ukae upande maji yanakoelekea. Suuza chupa mara tatu kwa maji ya hapohapo na kuyamwaga mbali na unapochota. Usisuuze kwa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, ukaacha matone ndani: mililita 5 za maji baridi kwenye chupa ya mililita 250 zinashusha chumvi kutoka 35 hadi 34.3.

Andika saa, joto la maji, hali ya maji kujaa au kupwa, kama ni bamvua au maji mafu, na kama mvua imenyesha ndani ya saa 48. Takwimu za pwani zisizo na saa ya maji kujaa na kupwa hazina maana kubwa, maana sehemu ileile inaweza kuwa na maji ya mto asubuhi na maji ya bahari kuu mchana.

Ukitumia chombo kimoja kilichoteremshwa kwenye kina, jaza chupa ya oksijeni kwanza, halafu ya pH, ya alkaliniti, ya virutubisho, na ya chumvi iwe ya mwisho. Kadiri chombo kinavyopungua maji, hewa huingia kuchukua nafasi na kuanza kubadilishana gesi na maji yaliyobaki. Chumvi haijali.

Maji ya virutubisho huchujwa kwa karatasi ya mikromita 0.45 na kugandishwa kwenye nyuzi −20. Silika usiigandishe, hujishikanisha na ukiyeyusha utasoma kidogo kuliko kilichokuwemo. Iweke kwenye baridi tu, katika chupa ya plastiki, kwa kuwa chupa ya kioo yenyewe hutoa silika.

## Oksijeni, papo hapo

Kabla ya kupima, jua unachotarajia. Maji ya bahari yenye chumvi 35 yaliyotulia na hewa, yaani yasiyoingiza wala kutoa gesi tena, hubeba karibu miligramu 9.0 za oksijeni kwa lita kwenye nyuzi 10, 7.4 kwenye nyuzi 20, 6.75 kwenye nyuzi 25 na 6.2 kwenye nyuzi 30. Maji baridi kwenye nyuzi 25 hubeba 8.26. Kwa hiyo kifaa cha elektroniki ambacho hakikuambiwa kwamba maji yana chumvi kitakuongezea zaidi ya asilimia 20 bila kukuonya. Hili ndilo kosa tunalolitilia shaka kwanza tunapoona takwimu za pwani zenye oksijeni nyingi mno.

Njia ya kuhakikia vifaa vyote ni ile ya Lajos Winkler ya mwaka 1888. Unahitaji chupa ya mililita 300 yenye kizibo cha kioo kilichochongoka, na bureti (mrija wenye alama wa kudondoshea kemikali).

1. Teremsha mrija hadi chini ya chupa, jaza polepole bila kububujika, uache maji yafurike mara mbili au tatu ya ujazo wa chupa. Toa mrija taratibu maji yakiendelea kutiririka.
2. Weka mililita 1 ya myeyusho wa manganizi salfeti, kisha mililita 1 ya myeyusho wa iodidi na alkali. Ncha ya pipeti iwe chini ya uso wa maji. Ziba bila kunasa kiputo chochote.
3. Pindua chupa mara 15 hadi 20. Mashapo ya kahawia yatatokea. Yakiwa meupe kabisa, maji hayana oksijeni au umesahau kemikali moja. Yaache yashuke hadi nusu ya chupa, pindua tena, yaache yashuke mara ya pili. Kwenye maji ya chumvi hushuka polepole, usiharakishe.
4. Ongeza mililita 1 ya asidi kali ya salfuriki, ziba, pindua mpaka mashapo yote yayeyuke na maji yawe ya rangi ya dhahabu. Rangi hiyo ni iodini, na kiasi chake kinalingana na oksijeni iliyokuwemo.
5. Pima mililita 201 za maji hayo. Dondosha sodiamu thiosalfeti ya 0.025 M (gramu 6.205 zenye maji ya fuwele katika lita moja) mpaka rangi iwe ya majani makavu, ndipo uweke mililita 1 au 2 za wanga. Endelea mpaka buluu ipotee. Kila mililita ya thiosalfeti ni miligramu 1 ya oksijeni kwa lita.

Mililita 201 badala ya 200 hufidia maji yaliyosukumwa nje na kemikali mbili za kwanza. Wanga ukiwekwa mapema, iodini nyingi hunaswa ndani yake na rangi huchelewa kukatika. Buluu ikirudi baada ya dakika chache, iache. Ni hewa inayofanya kazi yake. Na kiputo? Mililita moja ya hewa ina karibu miligramu 0.27 za oksijeni. Ndani ya chupa ya mililita 300 hiyo inaweza kukuongezea hadi miligramu 0.9 kwa lita, kosa linalotosha kuyafanya maji yanayosota yaonekane mazima.

Baada ya hatua ya tatu oksijeni imefungwa, na chupa inaweza kusubiri saa kadhaa gizani ikiwa mdomo wake umezingirwa na maji. Ndiyo maana hatua tatu za kwanza hufanyiwa mashuani na zilizobaki bandarini. Mabaki yana manganizi na asidi; yakusanye kwenye dumu, usiyarudishe baharini.

Ukipata zaidi ya asilimia 100 ya kiwango cha kutulia wakati wa mchana, si lazima umekosea. Majani ya bahari na mwani hutoa oksijeni kwa kasi kuliko inavyoweza kutoka. Rudia alfajiri uone ilivyoshuka. Tofauti ya hizo mbili inaeleza mengi kuliko kipimo kimoja cha mchana.

## pH

Uso wa bahari kuu leo una pH ya karibu 8.1, na kabla ya enzi ya viwanda ilikuwa karibu 8.2. Tofauti hiyo ya 0.1 inaonekana ndogo kwa sababu kipimo ni cha logi: ni ongezeko la zaidi ya robo ya ioni za haidrojeni. Kwa hiyo kifaa kinachokosea kwa 0.1 kinatosha kwa tangi la samaki, wala hakifai kufuatilia bahari inavyobadilika mwaka hadi mwaka.

Rekebisha elektrodi kwa bafa (miyeyusho ya pH inayojulikana) za 7 na 10, kwa kuwa bahari iko katikati yake. Bafa ya 4 utaihitaji kwenye alkaliniti. Bafa na sampuli viwe na joto moja. Kisha acha elektrodi ndani ya maji ya bahari ya kawaida kwa dakika 10 au zaidi kabla ya kusoma, kwa sababu bafa ni myeyusho mwepesi na maji ya bahari ni mazito kwa ioni. Elektrodi iliyotoka kwenye bafa moja kwa moja huyumba. Kwa sababu hiyohiyo, pH iliyopimwa kwa bafa za kawaida hailingani na ile ya kipimo cha jumla wanachotumia wanasayansi wa bahari; huwa juu kwa zaidi kidogo ya 0.1. Andika siku zote ulitumia bafa gani. Takwimu mbili za vipimo tofauti zikiwekwa kwenye jedwali moja zinaweza kuzua "mabadiliko" ambayo hayajawahi kutokea.

Jaza chupa hadi juu kama ya oksijeni, pima ndani ya saa moja, usikoroge kwa nguvu. Ukikoroga unaingiza au kutoa hewa ya ukaa. Sampuli iliyozibwa ikipashwa joto, pH yake hushuka karibu 0.015 kwa kila nyuzi moja, hivyo andika joto la wakati wa kupima, si la wakati wa kuchota pekee. Elektrodi ihifadhiwe kwenye potasiamu kloridi ya 3 M. Maji yaliyokenekwa huifyonza na kuiua taratibu.

## Alkaliniti

Watu huchanganya alkaliniti na pH, na hapo ndipo kemia ya bahari hupotea kwa wengi. pH inasema asidi ni kiasi gani sasa hivi. Alkaliniti inasema maji yanaweza kumeza asidi kiasi gani kabla ya kushindwa. Hewa ya ukaa ikiingia, pH hushuka lakini alkaliniti haitikisiki, kwa kuwa gesi hiyo huzalisha ioni za haidrojeni na za bikaboneti kwa idadi sawa. Ndiyo maana sampuli hii inaweza kusubiri saa chache kwenye baridi, ambapo ya pH isingeweza. Kinachoishusha kweli ni chokaa kuganda: kila molekuli ya kalsiamu kaboneti inayojengwa na tumbawe au konokono huondoa vipimo viwili vya alkaliniti.

Tengeneza asidi ya haidrokloriki ya 0.02 N kwa kupunguza mililita 200 za 0.1 N hadi lita moja. Usiiamini chupa. Kausha sodiamu kaboneti kwenye nyuzi 250 kwa saa nne, yeyusha gramu 0.53 katika mililita 500, chukua mililita 25 uipime kwa asidi yako mpaka pH ya karibu 4.5. Zikitumika mililita 25, asidi iko sawa, zikitumika 24.5, nguvu yake halisi ni 0.0204.

Sasa pima mililita 100 za maji ya bahari kwenye bika, weka elektrodi, koroga polepole. Mwaga asidi mililita moja moja mpaka pH ifike 5, kisha matone. Karibu na 4.5 simama, koroga dakika tano hewa ya ukaa itoke. pH itapanda kidogo. Malizia hadi 4.2. Hesabu yake ni mililita za asidi × nguvu yake × 1000 ÷ mililita za sampuli. Mililita 11.8 za asidi ya 0.02 N zinatoa milikwivalenti 2.36 kwa lita. Gawanya kwa msongamano wa maji, karibu 1.023 kwenye nyuzi 25, upate takriban mikromoli 2,307 kwa kilo, ambayo ni hali ya kawaida ya bahari kuu yenye chumvi 35. Wafuga tumbawe wanaotumia digrii za Kijerumani wazidishe milikwivalenti kwa 2.8; jibu hapa ni 6.6.

Ukipata 3 au zaidi mahali pasipo na mto wa chokaa, tafuta kwanza mchanga uliochotwa pamoja na maji. Punje za matumbawe huyeyuka kwenye asidi na kuhesabiwa kama alkaliniti. Chuja, rudia.

## Chumvi, kwa njia tatu na si ya nne

Ya nne ni kuchemsha maji mpaka yakauke na kupima masalio. Inaonekana ya haki kuliko zote, na ndiyo mbovu kuliko zote. Bikaboneti hupoteza hewa ya ukaa, magnesiamu kloridi hung'ang'ania maji yake, na ukiipasha zaidi ili iyaachie hutoa gesi ya haidrojeni kloridi badala ya maji matupu. Masalio yaleyale yatakupa uzito tofauti kila unapobadilisha moto. Ndiyo sababu mwanzoni mwa karne ya 20 Martin Knudsen na wenzake waliamua kupima kloridi kwa nitreti ya fedha, kisha kukokotoa chumvi yote kutokana nayo. Kanuni iliyotumika baadaye ni chumvi = 1.80655 × kloriniti, yaani kiasi cha kloridi kilichopatikana kwa njia hiyo. Mwaka 1978 kipimo rasmi kikawa upitishaji umeme, na chumvi ya kipimo hicho ni namba isiyo na kizio: unaandika 35, huandiki gramu 35.

Mita ya upitishaji umeme ndiyo bora. Maji ya chumvi 35 kwenye nyuzi 25 husoma milisimensi 53 kwa sentimita, na kwenye nyuzi 15 husoma 42.9. Kila nyuzi moja ya joto ni asilimia 2 hivi, kwa hiyo kosa la nyuzi moja ni kosa la chumvi la karibu 0.7. Kiputo kilichonasa ndani ya seli hushusha kipimo. Tikisa kifaa ndani ya maji kabla ya kusoma.

Rifraktometa, kifaa kinachopima mwanga unavyopinda ndani ya maji, ni ya haraka: matone mawili au matatu juu ya kioo, funika bila kiputo, subiri sekunde 30, soma. Tatizo lake liko kwenye soko. Nyingi zimechorwa kwa ajili ya maji ya chumvi ya mezani, si ya bahari, na maji yenye chumvi 35 huzifanya zisome 36.5. Kuziweka kwenye sifuri kwa maji yaliyokenekwa hakuondoi kosa hilo, kwa sababu liko kwenye mwinamo wa mistari. Yeyusha gramu 36.5 za sodiamu kloridi safi katika gramu 963.5 za maji. Rifraktometa ya bahari iliyo sawa itasoma 35. Isiposoma hivyo, irekebishe hapo, si kwenye sifuri. Myeyusho huu ni wa rifraktometa tu. Kwa mita ya umeme tumia gramu 32.9 kwa kilo ya myeyusho, na kwa haidromita gramu 37.1.

Haidromita, chombo kinachoelea ili kupima uzito wa maji, ni rahisi na hudumu, ikiwa utasoma joto lililoandikwa juu yake. Iliyotengenezwa kwa nyuzi 25 husoma 1.0264 kwenye chumvi 35. Soma kwenye usawa wa maji, si pale yanapopanda kuigusa shingo. Viputo vikiishikilia huelea juu na utasoma zaidi. Chumvi iliyokaukia shingoni huizamisha na utasoma pungufu.

## Maji ya bahari ya kutengeneza

Myeyusho wa chumvi ya mezani hauwezi kukagua pH wala alkaliniti. Kwa hayo unahitaji maji yenye ioni zote. Kwa kilo moja yenye chumvi 35, pima hadi gramu 0.01, vile vidogo hadi 0.001:

- sodiamu kloridi 23.93
- sodiamu salfeti kavu 4.01
- potasiamu kloridi 0.68
- sodiamu bikaboneti 0.196
- potasiamu bromidi 0.098
- asidi ya boriki 0.026
- magnesiamu kloridi yenye molekuli 6 za maji 10.83
- kalsiamu kloridi yenye molekuli 2 za maji 1.52
- strontiamu kloridi yenye molekuli 6 za maji 0.024

Jumla inafika gramu 41.3, si 35, kwa sababu fuwele za magnesiamu na kalsiamu zina maji ndani yake. Maji ya kuongeza yawe gramu 958.7. Yeyusha sita za kwanza katika gramu 600 za maji, na tatu za mwisho katika maji yaliyobaki kwenye chombo kingine. Vyote viwili vikishakuwa angavu, mwaga cha pili ndani ya cha kwanza polepole huku ukikoroga. Ukizichanganya chumvi kavu pamoja na maji kidogo, kalsiamu hukutana na salfeti na bikaboneti zikiwa kali na kuganda kuwa jasi na chokaa. Weupe huo hautayeyuka tena kwa urahisi, na alkaliniti yako itakuwa imeshapungua.

Magnesiamu kloridi hunyonya unyevu wa hewani, hivyo mkebe uliofunguliwa wiki nyingi hupima maji badala ya chumvi. Nunua kidogo, ifunge vizuri. Pitisha hewa safi ndani ya maji kwa saa 24 ili hewa ya ukaa itulie, halafu pima: chumvi 35, alkaliniti karibu milikwivalenti 2.4 kwa lita, pH kati ya 8.0 na 8.3. Alkaliniti ikiwa 2.0 na maji yana ukungu, bikaboneti imeganda. Ikiwa 2.4 lakini pH ni 7.8, chumba kina watu wengi na madirisha yamefungwa. Vuta mrija wa pampu hadi nje na usubiri saa chache.